Kupitisha sheria ya kutovuta sigara ndani ya majengo, na kuisimamia isife

Wengi wakianza kampeni hii wanakimbilia kudai faini kubwa, mi nasema anza na maneno ya mswada maana ndo hapo sheria inapona au inakufa. Kifungu cha msingi kiwe kifupi: hakuna kuvuta ndani ya sehemu yoyote ya kazi au ya umma, basi. Halafu eleza "ndani" ni wapi, paa likoje, kuta ngapi, turubai linahesabika au halihesabiki, manake mwenye baa akiona mwanya atashusha maturubai pande zote alafu akwambie hapa ni nje. Shisha na sigara za kielektroniki zitajwe kabisa.

Kwenye vikao wenye baa wataomba vyumba maalum vya kuvutia sigara. Usikubali, hata waje na mafeni na vichujio vya bei gani. Mlango ukifunguliwa moshi unatoka, na mhudumu anayeingia kukusanya glasi anauvuta zamu nzima na yeye hajawahi kushika sigara, hili linaniuma kuliko yote. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya 2006 ilishasema hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara ya mtu mwingine, na miongozo ya Ibara ya 8 ya mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, iliyopitishwa 2007, inakataa hivyo vyumba na mafeni. Angalia kama nchi yako imeridhia huo mkataba (nchi zaidi ya 180 zimo), kama imo basi humwombi mbunge fadhila, unamdai ahadi.

Usigombane na wavutaji. Ongelea wafanyakazi, na walete wenyewe mbele ya kamati, mhudumu wa baa akisimama akaeleza kifua chake hakuna takwimu itakayomfikia. Wenye baa wakisema biashara zitakufa wakumbushe Ireland, Machi 2004 ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku sehemu zote za kazi, baa zikiwemo, na watu walitii toka mwanzo, wakawa wanatoka nje kuvuta na kurudi ndani.

Ah na kitu kimoja watu wanakisahau, soma kama kuna kipengele kinachozuia halmashauri kuweka masharti makali zaidi, makampuni ya tumbaku yanakipenda sana hicho. Kifutwe.

Ikishapita, kazi ndo inaanza. Jukumu liwe la mwenye jengo sio la mvutaji peke yake, na adhabu ipande, onyo, faini, faini zaidi, mwisho leseni. Kufukuzana na mvutaji mmoja mmoja ni kupoteza muda. Weka pia kwamba kuwa na visahani vya majivu ndani ni kosa tayari, hapo mkaguzi hahitaji kumkuta mtu na sigara mdomoni. Wakaguzi watumie wale wale wa afya wanaoingia majikoni kila siku, ila waende usiku wa wikiendi, mchana baa tupu utakagua nini?

Kabla ya siku ya kuanza toa miezi michache ya matangazo, mabango mlangoni, namba ya bure ya kulalamikia. Wiki za mwanzo onya tu, alafu ya kwanza kupigwa faini iwe sehemu kubwa inayojulikana, tena itangazwe. Ukianza na kigrosari cha mtu mnyonge watu watajua wakubwa hawaguswi na hakuna atakayepiga hiyo namba tena.