Jinsi ya kuchagua shule ya awali itakayomfaa mtoto hadi madarasa ya juu

Wazazi wengi huipima shule ya awali kwa daftari: mtoto akirudi na kurasa zilizojaa herufi, huridhika kwamba ada haikupotea. Kipimo hicho hupotosha. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, Michigan, nchini Marekani, ulianza utafiti uliohusisha watoto 123 wa familia maskini, ambao 58 kati yao walipata nafasi katika shule ya awali ya Perry. Miaka michache baadaye makundi yote mawili yalikaribiana katika majaribio ya kupima akili, lakini waliopitia Perry waliendelea kufanya vizuri zaidi katika masomo, na wengi wao zaidi walimaliza sekondari. Kule watoto walipanga wenyewe mchezo wa siku, wakaucheza, kisha wakaueleza. Na mwalimu aliitembelea kila familia kila wiki. Huko Tennessee, jimbo jingine la Marekani, kinyume chake, matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliosoma awali ya serikali walikuwa nyuma ya wenzao ambao hawakuipitia walipofika darasa la sita. Kusoma awali peke yake, basi, si dhamana.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, omba kukaa darasani asubuhi moja na usikilize ni nani anayezungumza. Watoto wakiitikia kwa pamoja tu, bila hata mmoja kuulizwa anafikiri nini, endelea kutafuta. Tazama kama vizibo, vijiti na udongo vinashikwa na watoto au vimepangwa rafuni kwa ajili ya wageni. Hesabu watoto kwa kila mwalimu, na uulize mwalimu huyo alisomea wapi malezi ya watoto wadogo. (Joho la mahafali ya chekechea halikuambii lolote.)

Lugha nayo iangaliwe: mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, akifundishwa kwa Kiingereza asichokielewa, hukariri sauti bila maana, na pengo hilo hujitokeza anapotakiwa kusoma habari na kuijibia maswali.

Mwisho, ingia darasa la kwanza la shule atakayohamia. Likiwa na msongamano mkubwa, ujue faida ya awali inaweza kufifia upesi. Mwombe mwalimu mpya akueleze atakavyompima mtoto katika wiki za kwanza, na nyumbani mwache mtoto akusimulie siku yake kila jioni.