Kufasiri cheo cha "Inspector" bila kumpandisha wala kumshusha mtu

Ukikutana na neno Inspector kwenye habari ya polisi, usikimbilie kuandika "mkaguzi". Huenda ni sahihi, huenda umemshusha mtu ngazi kadhaa. Mimi hufuata hatua hizi.

1. Jua kwanza ni polisi wa wapi. Uingereza ngazi zinapanda hivi: konstebo, sajenti, mkaguzi, mkaguzi mkuu, mrakibu. Inspector yuko ngazi ya tatu, na begani ana nyota mbili. Hapo "mkaguzi" inakaa vizuri. Polisi wa New York mambo ni tofauti: Inspector yuko juu ya Captain, na kati yao kuna Deputy Inspector. Huyo ni ofisa mwandamizi hasa. Mimi humwandika "Inspekta", kisha mara ya kwanza anapotajwa naongeza maneno machache: cheo kilicho juu ya kapteni.

2. Kagua vifupisho. Chukua sentensi hii: "DI Brown arrested the man." Ikiwa ni London, DI ni Detective Inspector, yaani Mkaguzi wa Upelelezi Brown. Ikiwa ni New York, inaweza kuwa Deputy Inspector, Naibu Inspekta. Herufi ni zilezile, mtu ni mwingine kabisa.

3. Neno Detective kwa Waingereza haliongezi cheo. Linaonyesha idara tu. Detective Sergeant analingana na sajenti mwenye sare. Niliwahi kumwita Detective Constable "mpelelezi mkuu", na ilibidi nimrudie mteja kumwomba radhi, kwa sababu ushahidi wa konstebo ulionekana kama kauli ya kiongozi wa upelelezi. Andika "Konstebo wa Upelelezi".

4. Chief Inspector usimwite "Inspekta Mkuu". Wasomaji wengi watadhani ni mkuu wa jeshi zima la polisi. "Mkaguzi Mkuu wa Polisi" ni salama zaidi, na hayo maneno "wa Polisi" usiyaache, maana bila hayo anageuka mtu wa mahesabu.

5. Cheo kikitangulia jina, herufi kubwa: Mkaguzi Brown. Kikisimama peke yake, ndogo: mkaguzi alifika saa mbili.

6. Kwenye mazungumzo, konstebo wa Uingereza humwambia Inspector "sir" au "ma'am", lakini konstebo huyohuyo humwita sajenti wake "Sarge", ufupisho wa kirafiki wa Sergeant. "Afande" inawafaa wote wawili, ila ukiitumia kote, ule ukaribu unapotea. Kwa mkaguzi naweka "afande", kwa sajenti naacha "Sajenti" tu.