Gari dogo la mfano: mambo ya kutayarisha kabla ya kufungua rangi

Gari la urefu wa mita 4.5 ukiliunda kwa skeli 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko la kweli, linakuwa na urefu usiofika sentimita 19. Hilo kila mtu analiona. Kisichoonekana haraka ni kwamba hesabu hiyohiyo hufanya kazi kinyumenyume: kila unachokiweka juu ya plastiki, jicho hukizidisha mara 24. Tabaka la rangi la nusu milimita ni sawa na kulipaka gari halisi lami ya sentimita 1.2. Mwanya wa milimita 4 kati ya mlango na bodi ya gari la kweli, huku ni mfereji usiotimiza hata sehemu ya tano ya milimita moja, na mipulizo mitatu ya rangi nzito inautosha kuufukia. Mimi huianza kila kazi na hesabu hii kichwani, na karibu kila ninachokieleza hapa kinatokana nayo.

Anza na uchaguzi wa seti yenyewe, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha. Kampuni za Japani kama Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi hutengeneza magari yao mengi kwa 1:24. AMT ya Marekani imezoea 1:25, na Revell utaikuta kwenye skeli zote mbili. Tofauti ya 24 na 25 ni asilimia 4 tu, kwa hiyo rimu za seti moja mara nyingi zinaweza kuazimwa kwenye nyingine. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, tafuta seti isiyo na injini, yenye boneti iliyoumbwa pamoja na bodi. Watu huona hiyo ni seti pungufu, lakini inakuachia nguvu zote za kujifunza bodi, na gari kwenye rafu hutazamwa bodi kwanza. Angalia pia rangi ya plastiki. Nyeupe haina usumbufu. Plastiki nyekundu ina tabia ya kupenyeza wekundu wake hadi juu ya rangi nyeupe au ya njano, na utashangaa gari lako jeupe likigeuka waridi.

Ukifungua boksi, usikate chochote. Chukua karatasi ya maelekezo, hesabu fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) na vipande vyake, kisha soma hatua zote hadi ya mwisho. Vioo viache ndani ya mfuko wao. Matairi yatenge peke yake, kwani yale ya vinaili yana kilainishi kinachotoka taratibu na kuiyeyusha plastiki kinayoigusa. Nimewahi kutoa seti ya zamani kabatini nikakuta kioo cha mbele kina alama ya tairi iliyozama ndani, na hakuna msasa ulioweza kuiondoa. Halafu osha fremu na bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tumia mswaki laini, suuza, uache vikauke vyenyewe. Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kuitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Vifaa si vingi. Koleo ndogo ya kukatia, kisu chenye wembe mpya, msasa wa namba 400 hadi 2000, tepu ya kuzibia rangi na vibanio. Kipande kikate mara mbili: kwanza mbali kidogo, kisha karibu, maana ukikata palepale mara moja plastiki hung'oka na kuacha shimo. Gundi ndizo zinazohitaji maelezo zaidi. Ile nyepesi kama maji, inayopakwa kwa brashi, haigandishi tu. Inayeyusha nyuso mbili zikawa plastiki moja, kwa hiyo inahitaji plastiki tupu. Kwenye rangi au kromu haishiki vizuri mpaka ukwangue mahali pa kuungia. Supagluu hushika karibu kila kitu, ila mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo na taa. Vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu na ikimwagika inafutika kwa maji.

Sasa bodi. Hapa ndipo ningekusihi utumie muda mara tatu ya ule uliopanga. Kalibu ya bodi huwa na vipande kadhaa, na vinapokutana huacha mshono: ukingo mwembamba unaopita juu ya madigadi, kwenye pembe za paa na kwenye kona za bampa. Upapase kwa ukucha, maana jicho huukosa. Uondoe kwa msasa wa namba 600, malizia kwa 1000, ukifuata mviringo wa bodi bila kuusawazisha. Mahali plastiki ilipobonyea wakati wa kupoa, kwa kawaida nyuma ya sehemu nene, jaza puti kidogo, iache ikauke kabisa, kisha usugue. Baada ya hapo pitia mistari ya milango, boneti na buti kwa ncha ya mgongo wa wembe, bila kukandamiza, mara nne au tano, mpaka iwe na kina kidogo zaidi. Unakumbuka ule mwanya mwembamba wa mlango? Hapa ndipo unapouokoa.

Kisha unganisha gari zima bila gundi. Shikiza chasi, viti, dashibodi, vioo na magurudumu kwa tepu, uvishe bodi juu. Tazama kama magurudumu yanakaa katikati ya madigadi, kama yote manne yanagusa meza, kama kioo kinaingia bila kulazimishwa. La muhimu kupita yote: bodi inavalishwaje? Seti nyingi hudai upanue kingo za chini ili chasi ipite. Niliwahi kupaka bodi, nikaing'arisha kwa siku mbili, ndipo nikagundua kwamba chasi haipiti bila kuipanua, na rangi ikapasuka kote chini ya milango. Kukwangua plastiki kabla ya rangi ni kazi ya dakika tano.

Praima ya kijivu, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, ndiyo inayokuambia ukweli wa kazi yako. Pulizia tabaka jepesi, sogea kwenye mwanga wa pembeni, utaona mikwaruzo na mishono uliyoapa kwamba imekwisha. Rudia msasa, pulizia tena. Mara mbili ni kawaida.

Kuhusu rangi, jua familia unayotumia kabla hujaanza. Lakeri hukauka haraka na ina thina kali. Enameli hukauka polepole na hukaa salama juu ya lakeri iliyokauka, lakini ukipulizia lakeri juu ya enameli inaweza kuikunja kama ngozi iliyoungua. Akriliki ya maji ni mpole zaidi, ila nayo iheshimu mpangilio huo mbele ya lakeri. Njia ya uhakika ni kijiko cha plastiki: kipake praima ileile, rangi ileile, bandika stika ya maji (ile inayoloweshwa ili iachane na karatasi yake) usiyoihitaji kutoka kwenye seti, kisha pulizia vanishi. Kama kuna ugomvi kati ya tabaka hizo, utazukia kwenye kijiko na bodi yako itakuwa salama. Kwa rangi za metali, kumbuka tena ile 24. Chembe zinazopendeza kwenye gari halisi zitaonekana kama mchanga kwenye gari dogo, kwa hiyo chagua yenye chembe laini kuliko unavyodhani inatosha.

Mahali pa kupulizia patayarishe mapema. Lowesha sakafu kidogo ili vumbi litulie, vaa nguo isiyotoa nyuzi. Usipulizie lakeri siku ya unyevu mwingi. Maji ya hewani hunaswa kwenye rangi inapokauka na kuacha wingu jeupe. Kopo likae kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kamwe lisikaribie moto, ndipo litoe ukungu mwembamba. Na tafadhali linda mapafu yako. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Unahitaji ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na hewa inayotoka nje. Vanishi ya kuchanganya na kikaushio, ile ya magari halisi, ina isosayaneti, kemikali zinazoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Binafsi naona anayeanza hana sababu ya kuigusa.

Tafuta pia cha kushikia bodi, mfano chupa au waya mgumu uliokunjwa ukaishika kwa ndani. Mikono haitakiwi kuigusa tena. Mipulizo ya kwanza iwe ya ukungu tu, ukianza kupulizia nje ya bodi na kumalizia nje ya bodi. Ule wa mwisho ndio unaolowa na kung'aa. Andaa boksi lenye mfuniko la kuifunika mara tu unapomaliza.

Kukauka kunahitaji ratiba yake. Usijaribu kwa kidole. Fungua boksi uinuse bodi kwa karibu: kama bado inanuka rangi, bado inatoa thina, na msasa au tepu itaacha alama. Lakeri hutaka siku chache, enameli huweza kutaka wiki nzima na zaidi. Wakati huo panga kazi ya dashibodi, viti na injini, ili boksi lisifunguliwe kwa hamu ya kuchungulia.