Vishikio vya hamoki: achana na mafundo, tumia mkanda na ringi mbili

Wakuu habari za saizi. Nipo Moshi, nashona na kuchomelea vifaa vya kambi, na hamoki (zile bembea za kitambaa za kulalia) zinaletwa kwangu kila msimu. Mara nyingi kitambaa kizima kabisa, kilichokufa ni vishikio vya pembeni: kamba nyembamba imekula gome la mti, fundo limekaza mpaka unalikata kwa kisu, au mtu kaweka karabina (kile kikulabu cha kubofya) ya kuning'inizia funguo halafu anashangaa imenyooka.

Kabla hujanunua chochote elewa hesabu hii, maana ndo kila kitu. Mtu wa kilo 80 akilala na mkanda umeshuka nyuzi 30 (digrii) toka usawa, kila upande unavutwa kwa kilo 80. Ukikaza hadi nyuzi 15 inafika kama 155, nyuzi 10 ni 230, nyuzi 5 inakaribia 460, na ni mtu yuleyule, hajanenepa, na hapo kalala kwa ustaarabu hajajirusha. Kwa hiyo kishikio kizuri kwangu mimi ni kile unachoweza kulegeza na kukaza haraka ili upate pembe sahihi kwenye miti yoyote. Unene wa chuma unakuja baadaye.

Hatua ya 1: mkanda. Nenda kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, chukua mkanda wa siti. Ni poliesta, mpana karibu sentimita 5, hauumizi mti na hauvutiki ovyo. Wa gari lililopata ajali achana nao, huo umeshavutwa, na wenye nyuzi zilizochomoza pembeni pia hapana. Nailoni ina nguvu lakini inavutika na ikilowa ndo zaidi, unalala juu unaamka mgongo unagusa majani. Ukikuta mkanda wa mabegi wa kuuzwa kwa mita, omba kipande, kitie kwenye ndoo ya maji yenye sabuni kidogo, kikamue hewa itoke. Kikielea hiyo ni polipropilini, jua linaimaliza, rudisha.

Hatua ya 2: ringi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo watu wanapoharibu. Unahitaji ringi mbili kila upande, jumla nne, umbo la mstatili, upana wa ndani milimita 50 au 52 ili mkanda ulale flati. Ringi ya duara inaukunja mkanda, mzigo wote unahamia pembeni. Tumia raundi ba (fimbo ya chuma laini ya mviringo) ya milimita 10, fundi akikwambia ya 6 inatosha mwambie alale yeye. Nondo yenye michirizi usiweke, inasaga mkanda. Muhimu kuliko yote: kiungo cha kuchomelea kikae upande mfupi, kamwe kisikae pale mkanda unapolalia, kwa sababu pale ndo chuma kinapindwa na pale ndo kidonge cha weldingi kinakuwa msumeno. Piga grenda, malizia na msasa, kisha zungusha kipande cha soksi kuu kuu ndani ya ringi, kikinasa popote rudia. Kama chuma kimepakwa zinki iondoe kwanza kabla ya kuchoma, ule moshi mweupe haufai kifuani. Halafu rangi, kutu nayo inakula nyuzi.

Hatua ya 3: kushona. Kipande kifupi cha mkanda, kama futi moja, kipitishe kwenye ringi mbili ukikunje, ubaki na kitanzi cha kushika kichwa cha hamoki. Mkanda mrefu ushonwe jicho mwisho mmoja, unauzungusha mti na kuupitisha kwenye jicho lake mwenyewe. Mpelekee fundi viatu au fundi turubai, cherehani ya nguo itakuvunjia sindano bure. Mwambie mwingiliano wa sentimita 10, mshono wa boksi na msalaba katikati, uzi wa poliesta. Ncha zilizobaki chomea na kiberiti zisifumuke.

Hatua ya 4: kupitisha. Wenye helmeti za ringi mbili mnaijua tayari. Ncha ya mkanda mrefu inapita ndani ya ringi zote mbili, inarudi juu ya ile ya pili (ya nje), inapita ndani ya ile ya kwanza peke yake. Vuta inakaza, inua ringi ya nje inalegea. Mkanda mpya huwa unateleza kidogo hivyo nyuma ya ringi piga fundo moja la kuvuta mkia, lile la kamba za viatu.

Pembe ipime kwa mkono: kidole cha shahada kilale sawa na ardhi kikielekea kwenye hamoki, dole gumba lisimame, mkanda ugusane na ncha zote mbili. Hapo upo karibu na 30.

Masika maji yanatembea kwenye mkanda mpaka kwenye kitambaa, funga kikamba kinachoning'inia kabla ya ringi yadondokee hapo.

Hatua ya 5: jaribu. Mti uwe mgrivelia mnene au mwembe, mgomba sio mti jamani. Funga chini, sentimita 40 hivi, toa mawe, weka mifuko ya mchanga iliyozidi uzito wako na uiache usiku mzima. Asubuhi angalia ringi kama zimepinda, mshono kama umefunguka, na alama ya kalamu uliyoweka kwenye mkanda mbele ya ringi kama imesogea. Ikisogea, ongeza fundo la pili au badili mkanda.