Sakulenti ya buku haina jina? Soma majani yake kwanza

Ukipita kwa wauza miche hapa Mbeya, hata Iringa, pembeni kabisa utakuta vile viriba vidogo vya buku au buku jero vyenye vimmea vya majani manene yanayotunza maji, ndo sakulenti zenyewe, ukimuuliza mama hili linaitwaje anakujibu ni ua tu mwanangu, halisumbui. Wengi wanaliacha hapo hapo. Mi nasema chukua, maana ukiliangalia vizuri utajua kundi lake, na ukijua kundi utunzaji umeshaujua sehemu kubwa.

Anza na utomvu. Nyofoa kincha kidogo cha jani, kikitoka maziwa meupe kwenye mmea wa miiba basi karibu kila mara hiyo ni euforbia, ndugu wa ile minyaa ya kwenye wigo, hata kama umeambiwa kaktasi. Kaktasi miiba yake inachomoza kwenye kidoa chenye manyoya kama pamba, euforbia haina hicho kidoa. Na yale maziwa jamani yasiingie machoni, yanaumiza vibaya sana, nawa mikono kwa sabuni na mmea weka mbali na watoto.

Majani yamejipanga duara kama waridi na yana unga unga mweupe? Hiyo mara nyingi ni echeveria au graptopetalum, asili yao hasa ni Mexico. Usiufute ule unga, ndo kinga yake ya jua. Zinataka jua la kutosha, ukiona inarefuka shingo na majani yanaachana ujue mwanga hautoshi. Kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba zinapendeza kweli, ncha zinakuwa nyekundu, ila udongo uwe mkavu. Majani magumu madogo yenye mistari au vipele vyeupe ni haworthia, hiyo ya Afrika Kusini, jua kali la mchana inaungua, iweke dirishani. Majani mawili mawili yanayotazamana, mazito yanayong'aa kwenye shina linalokomaa kama mti, hiyo ni krasula. Na ukiona pembeni mwa jani pamejipanga vitoto vyenye mizizi, hiyo ni kalanchoe ya Madagaska, inaanguka na kuota kila mahali na ni sumu kwa mifugo, kwaiyo mwenye mbuzi au ng'ombe asiipande chini kabisa.

Sasa udongo, hapa ndo mimea mingi inafia. Ule udongo mweusi wa kwenye kiriba unashika maji mno. Changanya nusu udongo nusu chenga za mawe, na sisi wa Mbeya tuna bahati, yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe, yanayoelea ukiyatupia kwenye maji, ni mazuri kuliko kitu chochote, yaponde yawe saizi ya mahindi. Iringa tumia mchanga mnene wa mtoni uliooshwa. Kopo lolote linafaa mradi utoboe chini, ukimwagia maji yapite saa hiyo hiyo, yakituama juu ongeza chenga.

Kumwagilia usifuate ratiba, shika majani ya chini, yakiwa laini yamekunjamana lina kiu, yakiwa ya njano kama yana maji ndani na yanadondoka ukiyagusa umezidisha, litoe, kata palipooza, liache likauke siku kadhaa ndo upande tena. Masika hamishia upenuni, tena wa Tukuyu ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka msiache nje kabisa. Makete na Njombe kukiwa na dalili ya barafu usiku ingiza ndani.

Kuzalisha ndo raha yenyewe. Kwa echeveria na graptopetalum lizungushe jani taratibu litoke zima mpaka kitako chake, likikatika kati halioti, liache kivulini kidonda kikauke alafu lilaze juu ya udongo bila kulifukia, baada ya wiki chache utaona vijizizi vya pinki vinatafuta udongo na kimmea kidogo kama kichwa cha kiberiti, hapo anza kunyunyizia kidogo kidogo, na lile jani mama usilitoe mpaka linyauke lenyewe. Alovera usijaribu hivyo, jani lake linaoza tu, subiri vichipukizi vya pembeni ung'oe na mizizi yake.