Kabla hujaagiza RAM ya seva, soma jina lake kwanza

Tarakimu moja iliwahi kunila faida ya wiki nzima. Mteja wa Mafinga alinipigia simu: seva yao ya Dell inasuasua, wanataka kuongeza RAM. Nikamuuliza modeli. "R mia saba na kitu, fundi." Kile "kitu" nikakijaza mwenyewe nikaandika R720, nikaagiza Dar, mzigo ukaja na basi la usiku. Nilipofungua seva, RAM ya kwanza ikagoma kuingia. Ilikuwa R730. Nikarudi Mbeya na RAM zangu mkobani.

Hatua ya 1: Pata jina kamili, usikisie

Lipo usoni mwa seva, lakini lile kava la mbele huchomoka na linaweza kuwa la mashine nyingine. Kama seva inawaka, iulize yenyewe. Kwenye Linux andika `sudo dmidecode -s system-product-name`. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_ComputerSystem`. Utakachoandikiwa hapo, kinakili chote, hata viherufi vya mwisho.

Hatua ya 2: Herufi ya mwanzo ni umbo

Kwa Dell, R ni ya kufunga kwenye raki (fremu ya chuma ya kupangia seva), T ni ya kusimama sakafuni kama kompyuta ya kawaida. Kwa HPE (seva za HP), DL ni ya raki, ML ni ya kusimama. Lenovo wanaandika SR kwa raki na ST kwa ya kusimama. Kama ofisi haina raki wala chumba cha seva, kama ofisi nyingi ninazozihudumia, T au ML haitakusumbua sana. Seva ya raki ina feni ndogo zinazopiga kelele; karani anayekaa karibu nayo atakuchukia.

Hatua ya 3: Dell, angalia tarakimu ya katikati

Hapa ndipo nilipoangukia. Chukua R730. Ile 7 ni daraja: kwenye raki, 4 hadi 7 kwa kawaida ni za prosesa mbili, 8 na 9 ni za prosesa nne. Ile 3 ni kizazi, nayo unaisoma kama 13. Kwa hiyo R720 ni kizazi cha 12, R740 cha 14, R750 cha 15, R760 cha 16. Sifuri ya mwisho inakwambia prosesa ni Intel.

Kizazi ndicho kinachoamua RAM. R720 inatumia RAM aina ya DDR3 yenye pini 240, R730 inatumia DDR4 yenye pini 288. Lile pengo kwenye ukingo wa RAM halikai sehemu moja, kwa hiyo hata ukisukuma kwa nguvu utavunja tu. R740 na R750 nazo ni DDR4, R760 ni DDR5.

Ukikuta tarakimu nne, mfano R7525, usiogope: 7 ni daraja, 5 ni kizazi cha 15, 2 ni idadi ya prosesa, na 5 ya mwisho ni prosesa za AMD badala ya Intel. R6515 basi ni AMD ya prosesa moja. Na "xd" kwenye R730xd maana yake ina nafasi zaidi za diski.

Hatua ya 4: HPE, usikubali jina nusu

HPE hawabadilishi namba, wanaongeza neno Gen mwishoni. Kuna DL380 Gen8, Gen9, Gen10, Gen11, zote ni DL380. Mtu akikwambia "nina DL380" ni kama umefika Tukuyu ukaulizia kwa Mwaipopo: Mwaipopo yupi? Gen8 ni DDR3, Gen9 na Gen10 ni DDR4, Gen11 ni DDR5. DL360 ni nyembamba, U moja (U ni kipimo cha unene wa seva kwenye raki). DL380 ni U mbili. Ikiishia na 5, kama DL385, ni AMD.

Hatua ya 5: Lenovo

SR630 ni U moja, SR650 ni U mbili, SR665 ni AMD. Kizazi kinaandikwa V2, V3. Isiyo na V ni ya kwanza.

Hatua ya 6: Prosesa

Seva za kizazi kimoja hazipokei kila Xeon, yaani prosesa za Intel za seva. R730 inachukua Xeon E5-2600 v3 na v4, na ukipanda kutoka v3 kwenda v4 sasisha BIOS (programu ya kuwashia mashine) kwanza. R740 inachukua Xeon zenye majina kama Gold na Silver. Kwenye prosesa ya Gold 6130 tarakimu ya pili, 1, ni kizazi cha kwanza, kwenye 6230 ni cha pili.

Hatua ya 7: Kabla pesa haijatoka

Ukinunua seva iliyotumika, mwambie muuzaji akupige picha ya Service Tag, herufi na tarakimu saba kwenye kile kibandiko cha kuvuta mbele. Iandike kwenye tovuti ya Dell, utaona ilivyotoka kiwandani: modeli, prosesa, RAM. Kwa HPE omba serial namba ya mashine pamoja na namba ya bidhaa. Muuzaji akianza kusema picha haitoki vizuri, mimi huwa natafuta mwingine.