Meno ya mtoto yasioze: hesabu mara, si vijiko

Mama wengi wanaoleta watoto kwetu hapa Goma huanza kujitetea kabla sijauliza: "Daktari, mimi simpi bombo (peremende) nyingi." Mara nyingi ni kweli. Lakini nikiuliza mtoto amekula nini tangu alipoamka, na saa ngapi, jibu linajitokeza lenyewe: chai ya sukari, andazi njiani, biskuti wakati wa mapumziko, sikre (soda) aliyoachiwa na kaka yake, kisha biberoni (chupa ya kunyonya) ya uji mtamu ili alale. Kila kimoja ni kidogo. Mara ndizo nyingi.

Juu ya jino kuna utando wa bakteria, na anayejulikana zaidi anaitwa Streptococcus mutans. Wakipata sukari wanatoa asidi, na pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino yanaanza kuyeyuka. Mate huisafisha asidi hiyo na kurudisha madini, ila yanahitaji kama nusu saa, pengine zaidi. Anayemaliza sikre yake pamoja na chakula cha mchana amelishambulia jino mara moja. Anayetembea na chupa hiyohiyo akionja hadi jioni hayapi mate nafasi hata kidogo.

Hatua ya 1: Inua mdomo wa juu

Mlaze mtoto, kichwa kwenye mapaja yako, karibu na mlango au kwa tochi ya simu. Inua mdomo wa juu utazame meno manne ya mbele, pale yanapokutana na ufizi. Meno ya chini hulindwa na ulimi na mate, kwa hiyo yakiwa mazuri usifurahi mapema. Mstari mweupe usiong'aa ni mwanzo wa kuoza, na bado unaweza kurudi nyuma. Ukiona kahawia au shimo, nenda kwa daktari wa meno.

Kwetu kuna jambo la ziada. Maji ya baadhi ya vyanzo katika eneo hili la volkano za Virunga yana floraidi nyingi, madini ambayo kwa kiasi huimarisha jino lakini yakizidi hulitia madoa, na watoto waliokua wakiyanywa huota meno ya ukubwani yenye madoa meupe au ya kahawia. Hayo si kuoza. Jino huota nayo, yanafanana kulia na kushoto, na kwa kawaida hakuna shimo. Kuyasugua kwa mkaa au majivu hakuyatoi, kunakula jino tu.

Hatua ya 2: Usiku bila sukari

Mtoto akilala mate hupungua sana, na uji uliobaki mdomoni unakaa hapo hadi asubuhi. Ndiyo maana ningependa uanze na usiku kabla hata ya kununua mswaki mpya. Usikate biberoni ghafla, hamtalala nyote. Punguza sukari kila usiku, kisha ongeza maji, hadi ibaki chupa ya maji matupu. Wiki moja au mbili hutosha kwa watoto wengi.

Na ziwa la mama? Nyonyesha, hadi miaka 2 na zaidi ukipenda. Ila meno yakishaota, yasafishe kabla ya kulala, na baada ya mwaka wa kwanza usimwache alale ziwa likiwa mdomoni usiku kucha.

Hatua ya 3: Kusanya vitamu wakati wa chakula

Sisemi mkataze bombo, maana bibi atampa tu ukigeuka. Ampe baada ya kula, si katikati ya mchana. Akidai kitu kabla ya chakula, mpe parachichi, yai au kipande cha jibini la Masisi. Karanga nzima subiri mpaka apite miaka 5, zinaweza kumkaba. Dawa za siro (za maji) pia mara nyingi zina sukari: mpe kabla ya kupigwa mswaki, si baada.

Hatua ya 4: Mswaki

Anza jino la kwanza linapotoka, karibu na miezi 6. Mara 2 kwa siku, na ya usiku isikosekane. Geuza kiboksi cha dawa ya meno usome: liwepo neno "fluor" (yaani floraidi) na namba isiyopungua 1000 ppm. Chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Hata kama maji yenu yana floraidi nyingi usiiache, ila simamia asimeze, na vidonge vya floraidi usimpe bila daktari.

Mzazi ndiye apige mswaki mpaka mtoto afike miaka 7 au 8. Akimaliza ateme tu, asisukutue, ili floraidi ibaki kwenye meno. Kwa nyumba inayochota maji kwa bidoni, hiyo ni habari njema pia.

Hatua ya 5: Jino la miaka 6

Hili ndilo wazazi wanalipoteza zaidi. Karibu na miaka 6, nyuma ya meno yote ya utotoni, linaota gego kubwa bila jino lolote kung'oka. Mzazi anadhani ni la utotoni, "litabadilika". Halibadiliki, ni la maisha. Lina mifereji inayoshika chakula, na linapoanza kuchomoza mswaki haulifikii vizuri, kwa hiyo upitishe kwa upande, kutoka shavuni. Na magego ya utotoni yenyewe hukaa hadi miaka 10 au 12, si ya kuachwa yaoze.

Akishaumwa

Usimwage unga wa kapsuli za tetra kwenye shimo: tetrasaiklini hutia rangi isiyotoka kwenye meno yanayokua kwa watoto walio chini ya miaka 8. Usiweke aspirini kwenye ufizi, inauunguza. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na umlete. Uso ukivimba pamoja na homa, au uvimbe ukipanda kuelekea jicho, au akishindwa kumeza, usingoje kesho: hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.